Mwenye Gari Aliyekaa Nyuma

Ulikuwa mwaka wa ugali wa njano. Wanaopenda tarehe wataniuliza tarehe, na mimi tarehe sina. Ninachojua ni kwamba mvua zilikataa, mahindi yakaletwa kwa meli kutoka kwa watu tusiowajua, na unga wake ulikuwa wa njano kama bizari, ukiusonga unanuka gunia. Watoto waliulilia. Wazee walisema huko ulikotoka ni chakula cha ng'ombe, kisha wakanawa mikono wakala. Asubuhi tulikunywa uji wake bila sukari, mchana tukatafuna michembe, vile viazi vitamu vya kukatwa na kuanikwa, matembele tukayachemsha bila chumvi, na mwenye asali aliificha. Sabuni ilitafutwa kama dawa. Huo ndio mwaka ambao Mwenye Gari alikataa gari jipya, mimi nikiwa na mimba ya miezi minane, nimesimama mlangoni pake nasikiliza.

Nitamwita Mwenye Gari kwa sababu Tabora nzima ilimwita hivyo, hata watoto wakimwamkia: "Shikamoo Mwenye Gari." Naye aliitikia marahaba bila kuona ajabu. Jina lake ninalijua, lakini sina ruhusa ya kulitembeza.

Wajukuu zangu ni tisa na wote wamesoma, nalisema hilo mapema ili nisije nikasahau. Wakikutana kwangu siku ya sikukuu hubishana magari. Huyu anasema la kwake lina kamera ya nyuma, yule anasema la kwake linajifunga lenyewe milango, mwingine linamsemesha njiani kama mke. Mimi nawasikiliza nikipepeta mchele. Mimi mwandiko niliupata ukubwani, kisomo cha ngumbaru, jioni baada ya jembe, kwa hiyo wasidhani najua mambo ya kompyuta. Ila najua kuuliza habari za gari, kwa kuwa nilimjua mtu aliyejua kuuliza.

Kwanza, hakujua kuendesha. Hakuwahi kushika usukani hata kwa kuegesha tu. Mumewe, ambaye wazee wake walitoka Omani wakaja na biashara mpaka kwetu, alimwachia duka, mizani, na pikapu moja ya Mwingereza yenye rangi ya majani makavu. Hii ilikuwa muda mfupi kabla ya Uhuru. Watu walingoja auze. Hakuuza. Alimwajiri dereva, Mzaramo mmoja mwembamba aliyeletwa Tabora na reli akasahau kurudi pwani, na yeye mwenyewe akawa anapanda nyuma, juu ya mkeka uliokunjwa, katikati ya magunia ya karanga na madebe ya asali, buibui limefungwa fundo kiunoni.

Mbele hakukaa hata siku moja. Kiti cha mbele kilibaki kitupu, au kilipakiwa kapu la nyanya. Nilimuuliza nikiwa msichana, wakati nilipokuwa nachambua mchele dukani kwake, maana nyumba yetu na yake zilitenganishwa na uchochoro tu.

"Mama, mbona hukai mbele na kiti kipo?"

"Mbele unaona barabara," akasema. "Nyuma unalijua gari."

Wanaume wenye magari walikuwa wachache mjini, na kila mmoja alijiona waziri. Lakini kabla ya kununua, walikuja kwake. Walikuja kwa kujificha ficha, wanajifanya wanataka pishi ya mchele, kisha wanasema kuna gari fulani wanaliangalia. Yeye alifunga duka akatoka. Hakufungua boneti. Hakupiga tairi teke kama wanavyofanya wanaume. Alipanda nyuma, akalala chali, akaweka mkono tumboni, akamwambia anayeendesha:

"Nenda mpaka njia ya reli urudi. Endesha kama nina uchungu."

Watu walicheka. Mtu mzima, mjane, amelala chali ndani ya gari la mtu mchana kweupe. Yeye aliangalia mbingu tu. Akirudi alishuka, akajikung'uta, akatoa hukumu yake kwa maneno machache. "Hili mgongo wake mgumu." "Hili likipanda linakohoa." Kuna mwalimu mmoja alimletea gari dogo jekundu linalong'aa, Mwenye Gari akalala humo, akarudi akasema, "Zuri kwa harusi." Mwalimu akanuna, akalinunua. Masika ya kwanza mlango wa kushoto ukaanguka barabarani, na tangu hapo kila mtu Tabora akiwa na kitu cha mapambo kisicho na kazi tulikiita kizuri kwa harusi.

Alikuwa na maneno yake kuhusu kila kiungo cha gari. Redio ndani ya gari hakuitaka, kwa sababu dereva anayesikiliza redio hasikii injini ikilalamika. Mshale wa petroli hakuuamini; alikuwa na bua la mtama lililokatwa kwa urefu wa tangi, na kila asubuhi dereva alilitumbukiza, akalitoa, akamwonyesha pale ulipoishia unyevu. Mlango mzuri kwake ni ule anaoweza kuufungua mtoto kutoka nje na mgonjwa kutoka ndani. Rangi hakuiongelea kabisa. Na jambo la kwanza aliloliuliza juu ya gari lolote, liwe la Mfaransa au la Mjapani, halikuwa linakimbiaje. Aliuliza:

"Likinifia Usoke, nani pale ana spea yake?"

Usoke ni kijijini, njia ya mchanga, na miaka ile hilo lilikuwa swali zito. Spea hazikuwapo. Fundi alichonga bushi kwa mpira wa tairi, akafunga springi kwa kamba ya katani. Gari ambalo fundi wa kwetu hakuweza kulitengeneza kwa kitu kilicho mkononi, kwake halikuwa gari.

Msidhani alikuwa mtu mwema wa kupendeza. Alikuwa mgumu. Mtu mwenye miguu mizima alimwacha barabarani, hata awe nani. Dada yake wa tumbo moja alitembea kutoka stesheni na sanduku kichwani huku pikapu inampita, na yeye nyuma anampungia mkono. Wagonjwa aliwachukua bure, na wajawazito ndio kwanza. Barabara yote ya Usoke walijua. Lakini maiti alikataa kubeba. Wafiwa walimwendea wakilia, akawaambia, "Huyo hana haraka tena. Mtafutieni mkokoteni." Kwa neno hilo wapo waliomchukia mpaka wanaingia kaburini. Mimi siwalaumu.

Na huyo huyo aliyedharau mapambo alikuwa na udhaifu mmoja: honi. Aliagiza honi ya sauti mbili, moja nene moja nyembamba, na dereva alikuwa na amri ya kuipiga wakipita mbele ya duka la mfanyabiashara mmoja aliyewahi kusema mwanamke hawezi kutunza gari hata miezi sita. Walipita pale miaka kumi na kitu. Yule bwana alihamia mtaa mwingine, na honi ikabadili njia ikamfuata.

Dereva na mimi tulikuwa watani, Mzaramo na Mnyamwezi, kwa hiyo hakukuwa na heshima. Kila nikipanda alinipigia kelele:

"Babu zako walitembea kwa miguu mpaka pwani na pembe za ndovu kichwani, leo wewe unataka kupanda gari?"

"Na babu zako waliwauzia maji ya kunywa yenye chumvi," nikamjibu. "Endesha."

Mwenye Gari alitusikiliza bila kucheka, lakini tukinyamaza aliuliza, "Mmechoka?"

Sasa niseme la kwangu, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini alikataa lile gari jipya.

Niliolewa Usoke. Mimba yangu ya kwanza ilifika miezi yake, uchungu ukaanza alfajiri moja ya mwezi wa sita, na mwezi wa sita kwetu baridi inauma. Pikapu ya Mwenye Gari siku hiyo ilikuwa kwa fundi. Kulikuwa na bwana mmoja mnunuzi wa tumbaku aliyelala kijijini na gari jipya kabisa, akakubali kunipeleka Kitete hospitali. Nikapandishwa. Akageuza ufunguo. Gari likasema nyi, nyi, kisha likanyamaza. Betri. Hendeli, kile chuma cha kuzungusha kwa mbele kuwashia injini, halikuwa nayo, magari mapya yalikuwa yameanza kuja bila hendeli. Wanawake watatu na mzee mmoja walilisukuma kwenye mchanga mpaka jua likawa juu. Mtoto hakungoja. Alikuwa wa kiume. Basi.

Mwenye Gari alikuja siku ya tatu. Hakunipa pole kama watu wengine. Alikaa mkekani, akaniuliza gari lilisemaje kabla ya kunyamaza, lilisukumwa umbali gani, na kama lilikuwa na tundu la hendeli kwa mbele. Nikamjibu yote. Nilimwona hana moyo. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa anatafuta kosa lilipo ili lisirudiwe.

Ndiyo maana mwaka wa ugali wa njano, nikiwa na mimba ya pili, nilikuja Tabora kumwamkia na kumwomba aniweke akilini. Nikamkuta na mgeni. Mdogo wake wa kiume, mfanyakazi wa ofisi huko Dar es Salaam, alikuwa amekuja na gari la Mjapani, jeupe, limeegeshwa mbele ya duka na watoto wamelizunguka.

"Dada, panda mbele uone," akamwambia.

"Mbele nitaona nini?"

Akafungua mlango wa nyuma akalala kwenye kiti, magoti yamekunjwa. Wakaenda mpaka njia ya reli. Waliporudi alishuka taratibu, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisifu.

"Kiti chake kitamu. Springi zake hazina ugomvi. Kioo kinapanda bila kulia. Mlango unafunga kama mtu mwenye adabu."

Mdogo wake akatabasamu mpaka masikioni. "Si nilikwambia? Nimelileta kwa ajili yako. Hili nakuachia, ile pikapu naondoka nayo, nina mtu wa Kigoma anaitaka. Tunabadilishana, dada. Umri wako huu bado unaketi juu ya magunia?"

"Hendeli iko wapi?"

"Magari ya sasa hayana hendeli. Unageuza ufunguo tu."

"Na betri ikilala?"

"Hailali. Mpya hiyo."

"Na mimi nilikuwa mpya."

Dereva, aliyekuwa anafuta taa za pikapu, aligeuka upande akacheka na ukuta.

"Ikilala mnasukuma," mdogo wake akasema, amekasirika kidogo. "Watu wote wanasukuma."

"Nani asukume? Humo ndani kuna dereva na mgonjwa. Utamshusha mgonjwa asukume? Mchanga wa Usoke unaujua wewe?"

"Mgonjwa gani, dada? Wewe ni mwenye duka. Na duka lenyewe, mazao yote yamekwenda ushirika, umebaki na asali na nta. Unabeba nini?"

Hapo akanitazama mimi pale mlangoni. Hakunitazama usoni, alinitazama tumboni. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Silitaki. Mgonjwa hasubiri betri."

Yule bwana aliondoka kesho yake na gari lake jeupe. Mimi nilirudi Usoke nimetulia kama mtu aliyewekewa akiba ya chakula.

Wiki chache baadaye Mwenye Gari alikuja Usoke kununua asali. Karibu na kijiji jiwe liliruka likapiga tangi la petroli, likatoboa ufa mdogo kama wa ukucha. Walifika kwetu linadondoka tone tone. Ilikuwa kawaida yake kulala kwetu akichelewa. Dereva aliingia uvunguni, akatoka amelowa mkono.

"Mama, nipe sabuni. Kipande kama kidole tu. Mafundi wote huziba kwa sabuni."

Sabuni itoke wapi? Duka la kijiji lilikuwa na viberiti na majembe. Wakauliza nyumba kwa nyumba. Mama mkwe wangu naye akaulizwa, akajibu amekaza uso, "Sabuni? Hiyo tuliiona mwaka gani?"

Mwenye Gari akachukua bonge la nta aliyonunua mchana ule, akalipasha kwenye kiganja.

"Nta ya nchi hii imevuka bahari kabla ya babu yako kuvaa suruali," akamwambia dereva. "Itashindwa na ufa wa ukucha? Ziba."

"Mafundi hutumia sabuni, Mama."

"Mafundi hawana nta. Ziba."

Akaziba. Aliishindilia kwa kidole gumba mpaka nyingine ikaingia ndani ya tangi. Pakakauka, tangi halidondoki. Yeye mwenyewe akainama akapitisha kidole, akanusa, akasema, "Umeona?" Akaenda kusali, akala ugali wake wa njano, akalala.

Alfajiri uchungu ukanishika. Mume wangu alikuwa amepelekwa na wenzake kufungua shamba la kijiji, mbali. Nikalazwa nyuma ya pikapu kwenye godoro la majani, Mwenye Gari kichwani kwangu, mama mkwe miguuni na furushi lake la nguo kifuani. Dereva akazungusha hendeli mara moja, injini ikawaka. Mwenye Gari akanigusa bega. Nilijua anasema, unasikia?

Tulikwenda vizuri mpaka jua likaanza kuchoma. Kisha pikapu ikakohoa, ikasita, ikasimama. Pori upande huu, pori upande ule.

Dereva akazungusha hendeli. Akazungusha tena. Alizungusha mpaka shati likaganda mgongoni. Ilizunguka bure kama cherehani isiyo na uzi. Mwenye Gari akashuka, akaishika pamoja naye, wawili hao wanazungusha, buibui linaburuza vumbi. Hiyo ndiyo mara pekee nilipomwona ameshika hendeli aliyoihubiri miaka yote. Haikusaidia. Mimi nilikuwa nauma ncha ya kanga nikimfikiria yule mtoto wa kwanza, na nilikuwa nimeanza kuona kwamba ni mambo yale yale.

Dereva akafungua boneti, akafungua kabureta, akachokonoa. Akatoa kitu kwenye ncha ya kidole: kamasi ya njano. Akainusa, akamnyooshea Mwenye Gari.

"Ni nta, Mama. Petroli imeila, imeileta mpaka huku."

Mwenye Gari akaisaga kati ya vidole.

"Mbona jana hukusema?"

"Jana sikujua. Nilijua sabuni, sikujua kwa nini sabuni."

Alisafisha vitundu kwa unyasi, akapuliza kwa mdomo, akatema petroli, akapuliza tena. Akarudisha. Lakini kule chini nta ilikuwa imeachia na petroli ilikuwa inatiririka mchangani sasa, haidondoki tena. Alitumbukiza bua la mtama, akalitoa, akaonyesha unyevu ulipoishia. Palikuwa pafupi.

"Nisipoziba hatufiki Kitete," akasema. "Na nta siweki tena."

Mimi nilikuwa nimeshika ubao wa pembeni nasubiri uchungu upite. Nikasikia fundo likifunguliwa. Mama mkwe wangu aliingiza mkono ndani ya furushi, chini ya kanga na wembe, akatoa kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye karatasi ya sukari. Alikuwa amekitunza tangu mimba yangu ilipoonekana.

"Hii ni ya kumwogeshea mtoto," akasema, bado amekishikilia.

Mwenye Gari akamnyooshea mkono. "Mtoto yuko wapi?"

"Hajafika."

"Basi tumfikishe kwanza."

Akakitoa. Dereva alikikanda na mate, akaingia uvunguni, akashindilia. Akatoka, akazungusha hendeli, na mzunguko wa kwanza tu injini ikawaka. Tuliingia Kitete wauguzi wanakwenda kula. Binti yangu alizaliwa muda mfupi baadaye, analia kama honi ya sauti mbili. Aliogeshwa kwa maji matupu. Mama mkwe hakuacha kulisema hilo mpaka anaondoka duniani: kwamba sabuni ilikuwa ya mjukuu wake, ikaogeshewa gari.

Sasa tazameni mtu alivyo. Mwenye Gari alipoisimulia safari ile mjini, aliisimulia kama ushindi wa hendeli. Mzunguko mmoja tu, alisema, tukafika. Nta hakuitaja. Mimi nilikaa pale dukani na mtoto mgongoni, nikamsikia akiwaambia wanaume watatu, nikanyamaza. Dereva naye alinyamaza. Neno "nilikosea" sikuwahi kulisikia kinywani mwake, si siku ile wala miaka iliyofuata, na nilikuwa na hasira naye kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kusema.

Lakini ndani ya kijisanduku cha mbele cha pikapu, pale watu wanapoweka makaratasi, kukatokea mche mzima wa sabuni. Aliupata wapi mwaka ule sijui, na alitoa nini sijui. Ulikaa humo. Nyumbani kwake walifua kwa majani ya mpapai na majivu, mabinti wa ndugu zake walilalamika mikono imepasuka, na mche uko garini, hauguswi. Mmoja aliumega kidogo akafulia gauni lake la Idi. Alirudishwa kwao siku ile ile. Na kila pikapu ilipopita kwetu, dereva alifungua kijisanduku akanionyesha, kama mtu anayeonyesha kitambulisho.

Nilimwona kwa mara ya mwisho mwaka ambao mchele ulianza tena kuliwa siku za kazi, sukari ilirudi madukani, na sabuni zilipangwa rafuni mpaka za kunukia. Binti yangu alikuwa ameshaanza shule na ananizidi kusoma. Tulikwenda Tabora kumwamkia.

Alikuwa amekaa barazani, miguu imevimba kama magogo, anavuta pumzi kidogo kidogo. Dereva alikuwa amekumbuka kwao na kurudi pwani. Pikapu ilikuwa uani juu ya mawe, haina tairi hata moja, kuku wametagia nyuma pale pale alipokuwa anakaa. Na mdogo wake alikuwapo, mvi zimemjaa, amekuja na gari jingine la Mjapani, jipya kuliko lile, ambalo vioo vyake hupanda kwa kubonyezwa.

"Mwambie wewe," akaniambia. "Tangu asubuhi namwambia twende Kitete, hataki. Anataka tufunge tairi za pikapu."

Nikachuchumaa mbele yake. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Huyu ndiye yule?"

"Ndiye."

Akamtazama binti yangu kuanzia viatu mpaka utosini, kama anavyotazama gari.

"Mama," nikasema, "panda hilo gari. Siku ile hendeli tulikuwa nayo na hatukwenda. Unajua kilichotupeleka."

Sikuwa nimewahi kumwambia. Pumzi ilimkwama, ikaachia.

"Najua," akasema. "Nenda kwenye pikapu. Niletee hendeli, na kile kilichomo kijisandukuni."

Nikaenda. Mche ulikuwa umekauka, umepasuka nyufa, mweupe kama chokaa. Akaniambia niukate katikati, na kwa ukavu ule ilibidi nitumie panga. Nusu moja alimpa binti yangu mkononi.

"Hii ni yako ya siku ile," akamwambia. Mtoto akasema ahsante bila kuelewa. Nusu nyingine akamnyooshea mdogo wake. "Hii weka kwenye kijisanduku cha gari lako. Tangi lolote linatoboka."

Tukampandisha. Alitaka kulala nyuma, tukamlaza nyuma, kichwa mapajani kwangu, hendeli ya pikapu ameikumbatia chini ya kanga ndani ya gari lisilo na pa kuichomeka. Mdogo wake akageuza ufunguo. Likawaka hapo hapo, kimya, mpaka binti yangu akauliza kama limewaka. Barabara ya kwenda hospitali ilikuwa na mashimo na sikuyahisi. Yeye alifumba macho, mkono tumboni, anasikiliza.

Mbele ya lango la Kitete mdogo wake alizima injini, akageuka.

"Dada, umeona mwenyewe. Nakuachia hili na dereva, liwe mlangoni kwako, ukizidiwa unapelekwa. Ile pikapu kesho wanakuja kuichukua wa vyuma chakavu. Sema ndiyo tu."

Nami nilitaka aseme ndiyo. Nilimwombea aseme ndiyo, kwa pumzi ile aliyokuwa nayo, na peke yake katika nyumba ile. Alifumbua macho, akapapasa kiti kwa kiganja.

"Kiti chake kitamu," akasema. "Springi hazina ugomvi. Mlango una adabu."

"Kwa hiyo?"

Muuguzi alikuwa anakuja na kiti cha magurudumu. Mwenye Gari aliivuta hendeli kifuani, akaanza kujiinua mwenyewe.

"Silitaki. Mgonjwa hasubiri betri."